Neno Ghaiti: Asili Yake, Matumizi Yake na Hukumu Zinazolifuata

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu ulimi na akampa na haya, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake. Ama baad.

Jua, ewe ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu akuongoze, ya kuwa katika Kurani tukufu limo neno moja lihusulo uchafu utokao katika mwili wa mtu, nalo limetajwa mahali pawili: katika Sura ya Nisaa aya ya 43, na katika Sura ya Maida aya ya 6. Neno hilo ni ghaiti. Pote pawili limekuja katika habari za tohara na za kutayamamu: ametajwa mgonjwa, na msafiri, na mtu atokaye kwenye ghaiti, na aliyegusana na wanawake, kisha wasipate maji. Kwa Kiswahili aghlabu hufasiriwa kwa neno choo. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini chini yake yamefichika mambo ambayo mwenye kuswali hana budi ayajue.

Wako watakaocheka wakisikia kuwa neno la chooni limeandikiwa somo. Na wacheke. Sala ni nguzo ya dini, na udhu ni sharti ya sala, na neno hili ndilo la mwanzo katika yavunjayo udhu. Asiyelifahamu huenda akaswali naye hana udhu, au akaiacha sala naye ana ruhusa ya kuiswali. Hili la pili ndilo baya zaidi, na mbele litakuja elezo lake.

Ama asili yake, ghaiti katika lugha ya Waarabu ni ardhi iliyodidimia, yaani mahali palipo chini kuliko palipopazunguka; bonde, kwa Kiswahili. Kwa asili hiyo hiyo mashamba ya miti na maji yaliyouzunguka mji wa Dameski yaliitwa Ghuta, wala hapana aonaye aibu kuyataja. Basi bonde na uchafu vilikutana wapi? Vilikutana kwa kuwa Waarabu wa zamani hawakuwa na vyoo majumbani mwao. Mtu akibanwa na haja alitoka nje ya mji, akatafuta mahali palipodidimia ili macho ya watu yasimfikie. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, katika habari ndefu ya uzushi aliozuliwa, aeleza ya kuwa zama zile walikuwa hawajafanya vyoo karibu na nyumba, na ada yao ilikuwa ada ya Waarabu wa kwanza, kutoka nje, na wanawake hawakuwa wakitoka ila usiku. Mtu akiulizwa atoka wapi, huona haya kukitaja kitu chenyewe, akasema atoka bondeni, na msikiaji akafahamu. Siku zikapita na watu wakalizowea neno hata likahama mahali pake: halikuleta tena akilini bonde, bali lilileta kile kilichoachwa bondeni.

Namna hii ya kusema huitwa kinaya, kukitaja kitu kwa jina la jirani yake. Na wanavyuoni wa usuli, miongoni mwao Imamu Ghazali aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi, wamelifanya neno hili kuwa mfano wa jina ambalo ada ya watu imelihamisha kutoka maana ya asili hata maana mpya ikashinda. Ndiyo maana Mwarabu wa leo ukimwambia neno hili hatafuti bonde.

Wala si neno hili peke yake. Adhira, ambalo nalo ni jina la kinyesi, asili yake ni uwanja wa mbele ya nyumba, kwani hapo ndipo kilipokuwa kikitupwa. Khalaa ni mahali patupu pasipo na mtu. Kanifu ni mahali palipositiriwa. Na ajabu yake ni neno istinja, lililo mashuhuri katika vitabu vya fikihi: wako waliosema kuwa limetoka katika najwa, nayo ni ardhi iliyoinuka, kwa kuwa mtu akikosa bonde hujificha nyuma ya kilima. (Wengine wamesema asili yake ni kukata, kwa kuwa mwenye kustanji hujikatia uchafu.) Basi wa bondeni ana jina lake na wa kilimani ana lake, na wote wawili wamekimbia jambo moja, kulitaja lile kwa jina lake.

Dalili iliyo wazi ya kuwa neno hili lina maana mbili, mahali na kitu, imo katika hadithi moja ya Abu Ayyub Al-Ansari, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Maana yake ni kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza mtu aendapo kwenye ghaiti asielekee Kibla wala asikipe mgongo, kwa mkojo wala kwa ghaiti, bali aelekee mashariki au magharibi. Tazama: ghaiti ya kwanza ni mahali mtu aendapo, na ghaiti ya pili ni kitu kimtokacho, na yote yamo katika maneno mamoja, wala Masahaba hawakuchanganyikiwa.

Hapa pana faida kwa watu wa pwani hii. Maneno ya kuelekea mashariki au magharibi waliambiwa watu wa Madina, ambao Kibla chao kiko kusini. Mtu wa Bara Hindi, ambaye Kibla chake kiko magharibi, na mtu wa Moroko, ambaye chake kiko mashariki, wakiyashika maneno haya kwa dhahiri yake wataangukia katika lile lile walilokatazwa. Ama mtu wa Mombasa, na Unguja, na Pemba, na Tanga, huyu Makka iko kwake kaskazini karibu sawasawa, na wa Lamu hupinda kidogo tu upande wa magharibi. Ndiyo sababu manahodha wa zamani waliita kaskazini kibla, kama walivyoita kusini suheli. Kwa hivyo maneno yaliyoambiwa watu wa Madina yamfaa mtu wa pwani kwa dhahiri yake, ingawa yeye yuko upande wa pili wa Makka. Ajengaye choo na akielekeze mashariki au magharibi, atakuwa amesalimika.

Je, na ambaye choo chake kimekwisha kujengwa, nacho chaelekea Kibla? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, uharamu ni kwa aliye mahali pa wazi pasipo sitara mbele yake. Sitara hiyo kipimo chake ni urefu wa thuluthi mbili za dhiraa au zaidi, na isiwe mbali naye kupita dhiraa tatu. Ama mahali palipojengwa kwa ajili ya haja, si haramu, lakini kugeuka ni bora akiweza bila ya mashaka. Dalili ni habari ya Ibn Umar, aliyepanda juu ya nyumba ya Bibi Hafsa kwa haja yake, akamwona Mtume (s.a.w.) amekaa juu ya matofali mawili ameelekea Sham na Al-Kaaba iko nyuma yake. Imamu Shafii amezikusanya hadithi mbili hizi, akaiweka moja jangwani na moja nyumbani, wala hakuitupa hata moja. Naye Abu Ayyub, alipofika Sham na kukuta vyoo vimejengwa kuelekea Kibla, alikuwa akijipinda na kuomba maghufira. Na huo ni uchaji wake.

Baada ya hayo na tuirejelee lugha ya Kiswahili, kwani msomaji atakuta mambo yale yale yamo kinywani mwake. Neno choo ni ndugu wa ghaiti kwa kila hali. Mtu husema anakwenda chooni, akakusudia mahali. Na husema mgonjwa hapati choo, au choo chake ni kigumu, akakusudia kitu. Waswahili wenye nyumba za mawe walikuwa na vyoo ndani tangu zamani. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1948, vyoo vimekutwa ndani ya nyumba pamoja na mahali pa kuchambia. Kwa hivyo hawakuhitaji kusema bonde, wakasema choo, na jina la mahali likakifunika kitu vile vile.

Yako na maneno mengine ya haya. Haja kubwa na haja ndogo yametoka katika Kiarabu, na ni maneno mazuri, yafaa mbele ya wazee na mbele ya mkwe. Kujisaidia ni zuri kadhalika. Ama kunya, ambalo leo hulitamki katika baraza ila ukaona nyuso zimebadilika, katika Kiswahili cha kale maana yake ni kudondosha kitoke juu, na mvua ilikuwa ikisemwa kuwa yanya. Na mpaka leo twasema mvua inanyesha, wala hapana akasirikaye. Na mavi, ambalo ni neno zito, halikuzuia wahunzi kuyaita masizi ya tanuri mavi ya chuma. Neno msalani ndilo lisilopendeza. Msala ni mkeka wa kuswalia, na mtu asemaye kuwa aenda msalani, mgeni asiyeijua ada ya pwani huenda akaondoka naye ili amfuate katika sala. Mtu ana maneno mengi ya adabu ya kuchagua, na aliache hili kwa mkeka.

Sasa ndipo penye hukumu. Sharia haikuifunga hukumu na jina, wala haikuifunga na mahali. Imeifunga na kitu. Lau ghaiti ingechukuliwa kwa maana ya bonde, basi aliyeteremka bondeni kuokota kuni angekuwa amevunja udhu, na mgonjwa aliyejisaidia katika chombo kitandani pake angekuwa na udhu wake kamili. Hapana asemaye hivyo. Lakini kosa hili lililo dhahiri katika bonde watu hulifanya katika choo. Wako wadhanio kuwa mtu akiingia chooni, hata akiwa ameingia kuchota maji au kutoa ndoo, udhu wake umekwenda. Hakwenda popote huo udhu. Kuingia kuna adabu zake, kutanguliza mguu wa kushoto, na kuomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kabla ya kuingia, na kutoka kwa mguu wa kulia. Lakini mlango wa choo hauvunji udhu.

Kivunjacho ni kila kilichotoka katika njia mbili, ya mbele au ya nyuma. Mtoto aliyesoma Safinatun Najah ya Sheikh Salim bin Sumair Al-Hadhrami ayajua haya kwa moyo. Kiwe cha desturi, kama mkojo na kinyesi na upepo, au kiwe cha nadra, kama damu na kijiwe na mnyoo. Yote ni sawa katika madhehebu ya Shafii. Kilichotolewa ni manii peke yake, kwani hayo yamewajibisha jambo kubwa zaidi, nalo ni kukoga.

Na hapa lipo neno la Kiswahili lililowapoteza wengi. Kutawadha ni kutia udhu. Kutawaza kwa watu wengi ni kujisafisha baada ya haja, yaani kuchamba. Maneno mawili haya yametofautiana kwa herufi moja, na wako wasioitamka tofauti hiyo kabisa. Kwa kuchanganya maneno wakachanganya na matendo, wakadhani kuwa kuchamba ni sehemu ya udhu, wala udhu hausihi ila utanguliwe nako kila mara. Utamwona mtu ametokwa na upepo msikitini, adhana imekwisha, naye apanga safu ya wangojao choo ili achambe, na rakaa zampita. Upepo hauna istinja. Istinja huwajibika kwa kitu chenye unyevu kiichafuacho njia, na upepo haukuchafua kitu. Atie udhu tu, akaswali.

Lililo gumu kidogo ni hili. Mtu mzima wa afya akitia udhu kabla ya kustanji, kisha akastanji bila ya kugusa utupu kwa kiganja chake, udhu wake umesihi. Ama aliyetayamamu kabla ya kustanji, tayamamu yake haikusihi, kwani tayamamu ni ruhusa ya dharura, na ruhusa haichukuliwi na najisi ingali mahali pake. Aya mbili zilizotajwa mwanzo ni za tayamamu, basi msafiri azingatie.

Kama jina haliongezi hukumu, halipunguzi pia. Mkulima huita samadi, na neno hilo halina uvundo masikioni. Lakini kinyesi cha ng'ombe na cha mbuzi katika madhehebu ya Shafii ni najisi, ingawa Imamu Malik na Imamu Ahmad wamesema kuwa cha mnyama aliwaye ni tohara. Kukiita samadi hakukukisafisha. Kwa upande wa pili, vitabu vyasema jiwe katika istinja, na mtu asiye na jiwe hudhani kuwa amefungiwa mlango. Jiwe hapo ni jina la kila kigumu, kilicho tohara, chenye kuondoa uchafu, kisicho na heshima. Kitambaa kimo, na kijiti kimo, na karatasi ya chooni imo. Haimo karatasi iliyoandikwa elimu, wala chakula, wala mfupa.

Haya si somo la kuonewa haya. Washirikina walimwambia Salman Al-Farisi kwa kejeli kuwa Mtume wao awafunza kila kitu, hata namna ya kwenda haja, nao walilitumia neno lililo tupu lisilo na kinaya. Salman hakuinamisha kichwa. Akakubali kuwa ndivyo, kisha akawahesabia waliyokatazwa: kuelekea Kibla, na kustanji kwa mkono wa kulia, na kwa mawe yaliyo chini ya matatu, na kwa kinyesi cha mnyama au mfupa. Habari hii imo katika Sahihi Muslim. Mwalimu wa chuo na amfuate Salman. Barazani aseme haja. Lakini akifundisha, aseme kitu kwa jina lake mara moja, watoto wacheke mara moja, kisha waelewe. (Wao wenyewe hucheka hata bila ya sababu, maana kati ya choo na chuo ni irabu moja tu.) Mtoto aliyefundishwa kwa mafumbo hukua akawa mzee wa mafumbo, naye ndiye huyu afuatao.

Mzee wa makamu, aliyekuwa hakosi safu ya mbele, hupatwa na maradhi ya mkojo, akawekewa mpira na waganga wa hospitali, na mkojo ukawa watiririka katika mfuko ubavuni pake. Au maradhi yakawa ya utumbo, akapasuliwa, choo kikawa chatoka katika tundu tumboni. Mzee huyu huacha kuja msikitini, na kuacha msikiti kwa mwenye najisi asiyoweza kuizuia isichafue kuna sababu. Lakini huacha na sala. Akiulizwa husema kuwa yeye ni mchafu. Haulizi mtu, kwa kuwa suali lenyewe laona haya, na wanawe hawamwambii neno kwa kumsitahi. Miezi hupita, pengine miaka, na akifa hufa hana sala.

Neno mchafu ndilo lililompoteza, kwani Kiswahili hulitumia kwa mambo mawili yasiyokuwa mamoja. Liko la najisi, nayo ni kitu kionekanacho, huoshwa kikaondoka. Na liko la hadathi, nayo ni hali isiyoonekana, huondoshwa na udhu. Wala hapana katika mambo mawili haya limwondoshealo mtu faradhi ya sala, maadamu akili yake ipo.

Wa mpira hukumu yake ni ya mtu mwenye maradhi ya kutokwa na mkojo daima. Husubiri wakati wa sala uingie. Ukiingia hujisafisha, na mfuko humwagwa, na nguo huangaliwa, kadiri iwezekanavyo; kisha hutia udhu kwa kufuatanisha, na nia yake iwe ni kujihalalishia sala, si kuondoa hadathi, kwa kuwa hadathi yake haikatiki. Kisha huswali pale pale bila ya kukawia, ila ikiwa amekawia kwa maslahi ya sala, kama kuvaa nguo au kungojea jamaa. Kwa udhu huo ataswali faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Faradhi ya pili hutia udhu mpya.

Na wa tundu, Imamu Nawawi aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, amemtaja katika Minhaj kabla ya hospitali hizi kuwako: njia ya asili ikizibika, na tundu likafunguka chini ya tumbo la chakula, na mashekhe waliokifasiri kitabu wakaweka kipimo chake kuwa ni kitovu, basi kitokacho hapo huvunja udhu kama kilichotoka katika njia yake. Ikiwa tundu liko juu ya kitovu, au njia ya asili ingali wazi, hakivunji, ingawa ni najisi na huoshwa. Basi hakuna bonde hapo, wala choo, na hukumu imekifuata kitu mpaka ubavuni mwa mgonjwa. Yule ambaye hutoka bila ya kukoma hufanya kama wa mpira. Na najisi asiyoweza kuiondoa mwilini haimzuii kuswali kwa wakati. Ama kuwa atailipa sala hiyo akipona au hailipi, hilo na amuulize mwanachuoni wa mji wake kwa kumweleza hali yake ilivyo, au amtume mwanawe.

Mtoto wa mgonjwa asingoje kuulizwa. Amletee baba yake maji wakati ukiingia, na chombo, na nguo safi, na amwelekeze Kibla kitandani pake ikiwa hawezi kuinuka.

Wallahu aalam.